Uzi, Fundo na Ua la Mkrismasi: Niliyojifunza kwa Kutunga Shanga za Sikukuu

Asubuhi ya Krismasi ya mwaka 2013, tukiwa barazani nyumbani kwa wazazi wangu Marangu tukisubiriana ili twende ibadani, bangili niliyomtungia binti wa kaka yangu ilikatika mkononi mwake. Alikuwa na umri wa miaka sita, amevaa gauni jeupe lililopigwa pasi usiku wa kuamkia siku hiyo, na alikuwa ananyoosha mkono ili amwonyeshe bibi yake zawadi aliyopewa na shangazi. Uzi ulikatika bila kuvutwa na mtu. Shanga nyekundu, za kijani na nyeupe zilimwagika kwenye sakafu ya saruji, nyingine zikabingirika hadi chini ya ngazi na kupotelea katika majani makavu ya migomba, na watoto wote wakainama kuziokota huku watu wazima wakihimiza kwamba kengele ya kanisa imekwisha kulia. Kabla ya jua kuzama, bangili nyingine mbili kati ya 14 nilizozileta kutoka Arusha zilikuwa zimekatika vilevile, moja ikiwa mkononi mwa mama yangu mzazi, na ndipo nilipotambua kwamba kosa halikuwa la mtoto wala la bahati mbaya, bali lilikuwa katika kazi ya mikono yangu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi jijini Arusha. Msomaji asiyetoka Kilimanjaro huenda asielewe uzito wa jambo hili, kwa hiyo nieleze kidogo. Kwetu Uchagani, Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani. Walio Dar es Salaam, Mwanza na hata ng'ambo hupanda mlima, kila kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, hujaa watu, mbege, pombe yetu ya ndizi, huwa imeandaliwa siku kadhaa kabla, mbuzi huchinjwa, na hakuna anayependa kufika mikono mitupu. Kutoka Arusha hadi Moshi ni kilomita 80 tu, kwa hiyo mtu kama mimi hana hata kisingizio cha umbali. Lakini mshahara wa Desemba ndio huohuo unaotakiwa kulipa nauli, sukari na mafuta ya nyumbani, vitenge vya wazee, kisha ubaki wa ada na sare za Januari. Mwaka ule nilihesabu ndugu 14 ambao sikuweza kuwanunulia chochote, nikaamua kwamba kila mmoja nitamtungia bangili. Nilinunua shanga za kioo katika duka karibu na Soko Kuu, nikachukua uzi wa cherehani uliokuwapo nyumbani, na kwa jioni tisa nikatunga nikiwa na furaha kubwa, nikiamini kwamba kutunga shanga ni kuingiza uzi tunduni na kufunga fundo.

Baada ya sikukuu nilizichukua zile zilizokatika nikampelekea mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akiuza vidani na mikanda ya shanga sokoni, ambaye nilizoea kumsalimia nikipita kwenda kupanda daladala. Nilimsalimia, "Takwenya, yeyo," naye akaitikia, "Iko," kisha nikamfungulia leso yenye shanga na vipande vya uzi. Hakuuliza mengi. Alichukua kipande cha uzi, akakivuta kati ya vidole viwili, kikakatika. Akachukua ushanga mmoja, akausugua juu ya ukucha wangu, nikausikia ukikwaruza.

"Mwalimu," akaniambia, "huu uzi ni wa nguo. Hii shanga ni chupa. Chupa inakata."

Maneno hayo machache yalinifungulia somo zima. Ushanga mdogo wa kioo huanza kama mrija mwembamba na mrefu wa kioo, ambao hukatwa vipande vidogo sana, kisha vipande hivyo huzungushwa katika joto ili kingo zake zilainike. Zile zilizotengenezwa kwa uangalifu, kama zile za Jablonec katika Jamhuri ya Cheki ambazo wanawake wengi wa Kimaasai huzipenda, zina matundu laini yanayolingana. Zile nilizonunua mimi zilikuwa na kingo kali ndani ya tundu. Kila mkono ulipotikisika, kila ushanga uliukwangua uzi kidogo, na uzi wa pamba uliolowa jasho na maji ya kuoshea vyombo hauwezi kuhimili mkwaruzo huo hata wiki mbili. Bangili zangu zilikuwa zimeanza kukatika tangu siku nilipozifunga. Krismasi ilikuwa siku ya kumaliza tu.

Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, ndivyo nilivyozoea kumwita, alinialika nikae naye siku za Jumamosi, na kwa miezi mitatu nilikaa, juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikimtazama na kujaribu. Yeye mwenyewe alitunga kwa nyuzi alizochomoa katika magunia ya plastiki yaliyobebea nafaka, ambazo huzisokota juu ya paja mpaka ziwe imara, na katika vidani vipana alitenganisha mistari kwa vipande vyembamba vya ngozi au vya dumu la plastiki. Alinikataza kununua chochote kipya mpaka niweze kufunga fundo lisilofunguka. Ninaona sasa kwamba huo ulikuwa mpangilio sahihi wa kufundisha, nami ni mwalimu, nilipaswa kuujua: mwanafunzi apewe kwanza sehemu isiyoonekana, kwa sababu sehemu inayoonekana ataipenda mwenyewe bila kuhimizwa.

Tangu wakati huo ninatumia uzi wa nailoni, na kabla ya kutunga naupitisha mara mbili juu ya kipande cha nta ya nyuki, halafu nauvuta kati ya vidole ili nta iingie. Uzi uliopakwa nta haujisokoti ovyo, hauchanui ncha, na hushika fundo vizuri zaidi. Kila bangili ya mtu mzima naipitishia uzi mara mbili ndani ya shanga zote, ili mmoja ukikatika mwingine ubaki umeshika. Fundo silifungi mwishoni karibu na kifungio, mahali ambapo huvutwa kila siku, bali naurudisha uzi ndani ya shanga sita au saba, nafunga fundo dogo katikati ya shanga mbili, naendelea kupita katika shanga nyingine tano, nafunga tena, napita tena, kisha ndipo nakata. Badala ya vifungio vya chuma vya bei nafuu, ambavyo hupata kutu upesi, mara nyingi natumia kifungo cha shati upande mmoja na kitanzi cha shanga upande wa pili. Ni kifungio imara, hakina gharama, na mzee mwenye vidole vizito hukiweza kwa urahisi.

Kuna jaribio ambalo nililianzisha mwenyewe na ambalo siliachi. Bangili ya nailoni ikikamilika, naining'iniza kwenye msumari jikoni, naifungia pakiti ya sukari ya kilo moja, naiacha usiku kucha. Ikiwa asubuhi pakiti iko sakafuni, kazi ile irudiwe. Mwaka 2014 bangili nne kati ya ishirini zilianguka. Mwaka uliofuata ilianguka moja.

Kwa watoto sitengenezi bangili za nailoni. Mtoto hukimbia, hupanda miti, hunasa mkono kwenye tawi au kwenye komeo la mlango, na uzi usiokatika unaweza kumuumiza. Kwao natumia uzi wa lastiki wenye unene wa milimita 0.7 au 0.8, na hapa pia nilijifunza kwa kukosea, kwa kuwa bangili za kwanza za lastiki zililegea baada ya siku moja zikaning'inia kama kamba. Lastiki inatakiwa kuvutwa mara kadhaa kabla ya kutungwa, ili ilegee kiasi chake chote ikiwa bado mikononi mwa fundi. Fundo lake ni lile ambalo ncha huzungushwa mara mbili, badala ya mara moja, kabla ya kukazwa, na juu yake hufungwa fundo la kawaida. Kisha hutiwa tone la gundi, huachwa likauke kabisa, ndipo huvutwa na kufichwa ndani ya ushanga wenye tundu pana. Ncha zisikatwe karibu mno na fundo. Na kwa mtoto aliye chini ya miaka mitatu sitoi shanga za aina yoyote, hata mama yake akiniomba kwa upendo, kwa maana mtoto wa umri huo hupeleka kila kitu kinywani, puani na sikioni, na ushanga mmoja unatosha kuleta msiba katika sikukuu.

Ukubwa wa shanga ulinichanganya kwa muda mrefu. Namba zake huenda kinyume: namba inavyokuwa kubwa ndivyo ushanga unavyokuwa mdogo. Namba 11 ina upana wa milimita 2 hivi, namba 8 ni milimita 3, na namba 6 ni milimita 4. Kwa namba 11, sentimita moja ya uzi hubeba shanga kama saba, kwa hiyo bangili ya sentimita 18, inayomtosha mwanamke mwenye mkono wa kawaida, inahitaji shanga zisizopungua 120. Mtu anayeanza namshauri asishike namba 11. Aanze na namba 6, ambayo sindano ya kawaida hupita bila shida na macho hayachoki, na bangili nzima humalizika jioni moja. Kabla ya kutunga, amimine shanga juu ya taulo au kitambaa kizito, si kwenye sahani, ambako huteleza na kurukaruka, kisha azichague: zilizo nene mno, zilizo nyembamba mno, zilizokatwa upande, zote aziweke kando. Kazi ya kuchagua inachosha na hakuna atakayeisifu, lakini mstari ulionyooka hutokana nayo.

Nikaja kwenye rangi, na hapo ndipo nilipokaa kuliko mahali pengine popote.

Aibu ya kwanza ilikuwa ya rangi yenyewe. Mwaka 2015 nilimpa mama mkwe wangu kidani chekundu, akakivaa juu ya blauzi nyeupe, na baada ya ibada ndefu ya asubuhi yenye joto, shingo ya blauzi ilikuwa na duara la waridi. Hakusema neno, aliifunika kwa mtandio wake mpaka jioni. Shanga nyingine, hasa nyekundu, zambarau na waridi, rangi yake si ya kioo chenyewe bali imepakwa juu au ndani ya tundu, na jasho na sabuni huitoa. Tangu siku hiyo kila aina mpya ya shanga naitia shanga kumi katika kikombe cha maji ya uvuguvugu yenye sabuni na kitambaa cheupe ndani yake, zinalala humo usiku mzima, na kitambaa kikibadilika rangi sizinunui tena. Mama mkwe nilimshonea blauzi mpya Januari.

Suala la pili lilikuwa zito zaidi: rangi za Krismasi ni zipi, na ni za nani? Katika miaka ya mwanzo nilifuata picha nilizoziona kwenye simu. Nilitunga hereni za sanamu za theluji, chembe za theluji zenye pembe sita, soksi nyekundu zenye ukingo mweupe. Zilivutia macho, na watoto walizipenda kwa siku moja. Kisha bibi mzaa mama, aliyekuwa bado hai wakati huo, alichukua hereni moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango, akaniuliza kwa unyenyekevu kabisa, "Mjukuu wangu, huyu ni nani?" Nilijaribu kumweleza habari ya watu wanaofinyanga theluji. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwamba theluji anaijua, iko pale juu Kibo tangu azaliwe, ila hajawahi kumwona mtu huyo. Nilirudi Arusha na swali lake.

Yeyo alikuwa amekwisha kunieleza kwamba kwao hakuna rangi inayowekwa bure: nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu iletayo mvua, kijani ni majani ya malisho. Nilikuwa nimejifunza pia kwamba katika misafara ya biashara ya karne ya 19, iliyotoka pwani kwenda bara, shanga zilikuwa fedha, na kwamba mfanyabiashara aliyebeba rangi au ukubwa usiopendwa mahali fulani alijikuta hawezi kununua hata chakula. Shanga nyekundu zilizoitwa samesame zilikuwa miongoni mwa zilizotafutwa zaidi. Watu wa nchi hizi, basi, hawakupokea kila ushanga ulioletwa. Walichagua kwa makini, na aliyewaletea wasichokitaka alirudi na mzigo wake. Mimi nilikuwa nimepokea bila kuchagua.

Jibu nililipata njiani, nikiwa kwenye kosta mwezi Desemba, tulipoingia mjini Moshi. Mti tunaouita mkrismasi ulikuwa umechanua kando ya barabara, mwekundu kutoka chini hadi juu juu ya majani ya kijani yaliyoanza kuchipua. Nimeuona mti huo tangu utotoni. Asili yake ni Madagaska, lakini kwetu huchanua mwezi Novemba na Desemba, na watu wameupa jina la sikukuu kwa sababu maua yake ndiyo yanayotangaza kwamba sikukuu imekaribia. Kumbe nyekundu na kijani ninazo nyumbani, na sina haja ya kuziazima kwa mtu wa theluji. Niliposhuka stendi niliokota ua moja lililoanguka nikalichunguza: lina petali tano, nne nyekundu zilizotanda, na ya tano imesimama, imetiwa madoa meupe na ya manjano kama kitenge. Nimepita chini ya miti hiyo zaidi ya miaka thelathini na sikuwahi kuiona ile petali ya tano.

Hereni ya ua hilo ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na ni rahisi kuliko inavyoonekana. Kwa ua moja nakata waya mwembamba wa shaba wa milimita 0.4, urefu wa sentimita 35. Natunga kwanza shanga nyekundu 60 za namba 11, kisha 15 za mchanganyiko, nyekundu saba na nyeupe nane zikipishana. Naacha mkia wa waya wa sentimita 8, nasogeza shanga 15 nyekundu za kwanza mpaka kwenye mkia, nazikunja ziwe kitanzi, nasokota waya mara mbili chini yake. Petali ya kwanza imepatikana. Nasogeza 15 nyingine, nakunja, nasokota, na kadhalika mpaka petali ya tano yenye madoa. Mwishoni ncha moja ya waya inapita mbele ya ua ikiwa na ushanga mmoja wa rangi ya dhahabu katikati, inarudi nyuma, inasokotwa na ile ya pili, na kwa plaizi yenye ncha ya mviringo natengeneza kitanzi kidogo cha kutundikia kulabu ya hereni.

Jambo moja la kuzingatia ni kutosokota sana. Waya wa shaba kila unapokunjwa na kukunjuliwa mahali pamoja huzidi kuwa mgumu, na mwisho hukatika kama kijiti. Mara mbili inatosha. Ncha iliyobaki nayo ikunjwe ndani ya ua kabisa, kwa sababu ncha iliyoachwa nje hukwaruza shingo na kuvuta nyuzi za mtandio. Kulabu nazo zina habari yake. Dada yangu alivimba masikio kwa hereni nilizompa, kumbe ngozi yake haistahimili nikeli, madini yanayochanganywa katika kulabu nyingi za bei nafuu. Sasa nauliza kwanza, na kwa wenye tatizo hilo natafuta kulabu za fedha halisi au chuma kisichoshika kutu cha ubora unaofaa masikioni.

Kwa furaha ya lile ua nilisonga mbele kwa haraka mno. Niliona kwamba kama nyekundu ni mkrismasi, basi kijani iwe isale, ile mimea ya majani marefu inayozunguka vihamba vyetu kama mpaka. Jani lake si gumu kutengeneza: shanga 40 za kijani kwenye waya, kitanzi kirefu kilichobanwa, ncha ikavutwa kidogo. Nilitengeneza jozi nane, na jozi moja nilimpelekea wifi yangu, ambaye tulikuwa hatujazungumza vizuri tangu msiba uliotangulia. Nilidhani nimefanya jambo la busara.

Baba mdogo aliniita pembeni jioni ile. Hakunikemea mbele ya watu, na kwa hilo namshukuru. Alinikumbusha kwamba kwa Wachaga isale si pambo. Aliyekosa hulifunga fundo jani lake, humpelekea aliyemkosea, na anayeletewa isale hawezi kukataa kusamehe. Ndiyo maana halipelekwi kwa wepesi, wala bila mtu mzima wa kusimama kati. "Ukimpa mtu isale ya chupa aitundike sikioni," aliniambia, "siku ukimhitaji msamaha wa kweli utampelekea nini?" Sikuwa na jibu. Kesho yake tulikwenda naye kwa wifi yangu, na jani tulilolibeba lilikatwa kwenye mpaka wa shamba, bichi, lenye umande. Tulipatana. Zile jozi saba zilizobaki nilizifumua na shanga zake nikazitumia kwa kazi nyingine. Najua wapo mafundi wanaotengeneza umbo hilo kwa nia njema, na siwahukumu, lakini mimi siligusi tena. Majani ninayotengeneza sasa ni ya mgomba.

Kuhusu muda, nitasema machache. Jozi moja ya maua hunichukua karibu saa moja na nusu, bangili ya namba 11 iliyopitishwa uzi mara mbili hunichukua jioni mbili. Anayeanza Desemba atamaliza kwa pupa, na pupa ndiyo inayoacha fundo bila kukazwa. Mimi huanza Septemba, wakati wa likizo fupi, na hufanya kazi karibu na dirisha mchana badala ya usiku, kwa maana mwanga wa taa hunifanya nichanganye kijani iliyokolea na nyeusi, na umeme ukikatika shanga zikiwa zimetandazwa, robo yake hupotea gizani. Walimu wenzangu wameniomba niwauzie. Nimewauzia wachache, lakini nilipohesabu saa zangu kwa uaminifu niliona kwamba bei ya haki ingewashinda wao na bei wanayoiweza ingenishinda mimi, kwa hiyo niliwaalika waje kutunga nyumbani kwangu siku za Jumamosi. Sasa tuko watano, na kila anayekuja mara ya kwanza anapewa uzi, nta na kazi ya kufunga mafundo ishirini kabla ya kupewa ushanga hata mmoja. Mmoja alikasirika akaondoka. Wiki mbili baadaye alirudi na mafundo yake ishirini kwenye bahasha.

Krismasi ya mwaka 2023 tulikuwa tena kwenye baraza ileile. Binti wa kaka yangu alikuwa na miaka 16, amenipita urefu, na siku ya mkesha, wakati wengine walikuwa jikoni wakimenya ndizi za mtori, alikuja akakaa karibu yangu na kopo la majani ya chai. Alilifungua akamimina yaliyokuwamo juu ya kanga: shanga nyekundu, za kijani na nyeupe, zilezile za mwaka 2013, alizookota sakafuni na nyingine alizoendelea kuzipata chini ya ngazi kila alipofagia kwa bibi. Alikuwa amezitunza miaka kumi bila kumwambia mtu.

"Shangazi," akasema, "nimezihesabu. Zipo 83. Zinatosha?"

Nilimpima mkono. Mkono wa mtoto wa miaka sita ulikuwa umekwenda, na shanga 83 za namba 11 hazikufika hata sentimita 12 za uzi. Zaidi ya hayo, niliuchukua ushanga mmoja nikausugua kwenye ukucha, ukakwaruza, kama ule wa siku ya sokoni. Nilimweleza kwamba shanga hizi hukata uzi, na kwamba zitafaa tu zikitungwa kwenye waya. Akafikiri. Kisha akachagua nyekundu, akazipanga kumi na tano kumi na tano juu ya kanga, akaniomba waya.

Nyekundu zilitosha petali mbili tu, na kwenye mfuko wangu nilikuwa nazo nyingine, laini, za rangi inayokaribiana. Alikataa nisimsaidie kukunja. Alisokota mara nne mahali ambapo nilimwambia mara mbili, waya ukakatika kwenye petali ya tatu, akatoa pumzi, akazishusha shanga zote, akakata waya mwingine akaanza upya. Mama yangu alituita mara mbili twende tukale. Tulimjibu tunakuja.